Hukutia Saini, Lakini Ulikubali



Katika kesi za biashara zinazovuka mipaka kuna maneno yasiyokosekana: "Mimi sikusaini kitu." Mwagizaji wa ngano huyasema, muuzaji wa pamba huyasema, hata kampuni kubwa ya chuma yenye mawakili wake huyasema. Wengi wao huyasema kwa moyo safi kabisa, wakiamini kwamba karatasi isiyo na saini yao haiwezi kuwafikisha mbele ya wasuluhishi wa London au Paris. Jioni hii nataka kueleza kwa nini imani hiyo ni ya hatari, na pia kwa nini wako watu wachache ambao, wakiyasema maneno hayo hayo, wanastahili kusikilizwa.

Tuelewane kwanza ni usuluhishi upi. Sizungumzii wazee wa mtaa wanaokaa na pande mbili mpaka zipeane mikono. Usuluhishi wa biashara ya kimataifa ni hukumu hasa. Wafanyabiashara wanakubaliana tangu mwanzo kwamba wakigombana hawatakwenda mahakamani. Watachagua mtu mmoja au watu watatu wawasikilize na watoe uamuzi uitwao tuzo. Tuzo hiyo inafunga, na kwa kawaida haina rufaa juu ya kiini cha madai. Faida yake kubwa ni kwamba inasafiri. Hukumu ya Mahakama Kuu ya Dar es Salaam ukiipeleka ng'ambo kukamata mali ya mdaiwa, utategemea kama nchi hiyo ina utaratibu wa kuitambua. Tuzo ya usuluhishi iliyotolewa Dar es Salaam ina mkataba wa mataifa zaidi ya 170 nyuma yake.

Huo ndio Mkataba wa New York, uliopitishwa tarehe 10 Juni 1958 katika mkutano wa Umoja wa Mataifa. Tanganyika na Zanzibar zilipokuwa zimeungana kwa miezi michache tu, mwaka 1964, jamhuri yetu mpya ilikwishajiunga nao. Kenya ilifuata mwaka 1989, Uganda 1992, Rwanda 2008, na Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2014. Kwa hiyo tunaloliongea leo ni sheria inayotugusa sisi wenyewe, kuanzia Kinshasa hadi Mombasa.

Mkataba huo unafanya kazi mbili. Unazitaka mahakama zitekeleze tuzo za kigeni, na kabla ya hapo, katika ibara yake ya pili, unazitaka zisisikilize kesi ambayo wenyewe walikubaliana kuipeleka kwa wasuluhishi. Sharti ni kwamba makubaliano hayo yawe ya maandishi. Na maandishi ni nini? Ibara inasema ni kifungu cha usuluhishi ndani ya mkataba, au makubaliano ya usuluhishi, yaliyotiwa saini na pande zote au yaliyomo katika barua au simu za maandishi walizoandikiana.

Simu za maandishi, msikilizaji! Wale wa umri wangu wanakumbuka dirisha la posta na kulipia kwa idadi ya maneno. Mwaka 1958 huo ndio uliokuwa upeo wa kasi, na walioandika mkataba waliona wamekwenda mbali kwa kuzikubali, maana simu ya maandishi haikuwa na saini ya mtu juu yake. Lakini kulikuwa na hatua moja waliyokataa kuipiga. Ujumbe wa Uholanzi, aliokuwamo Profesa Pieter Sanders, mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wengi kuupatia mkataba huo sura yake, ulipendekeza litambuliwe pia jambo la kawaida sokoni: upande mmoja unatuma uthibitisho wa mauzo kwa maandishi, upande wa pili unaupokea na haupingi. Mkutano ulilikataa pendekezo hilo. Waliogopa, na hofu yao ilikuwa na msingi, kwamba kimya cha mtu kingegeuzwa kuwa ridhaa.

Mtaani tunasema kunyamaza ni kukubali, ila sheria ya mikataba hailimezi jambo hilo kirahisi. Shida ni kwamba wafanyabiashara wengi hawanyamazi tu. Wananyamaza huku wanafanya kazi. Wanapokea ile karatasi, hawaijibu, wanatuma malipo ya benki, yaani TT, wanaita wakala wa forodha, wanapakua mzigo. Kisha mzigo ukiwa na kasoro ndipo wanapokumbuka kwamba hawakusaini.

Kesi inayolionyesha hili vizuri ni ya kampuni mbili za vioo. Standard Bent Glass, kampuni ya Pennsylvania huko Marekani, ilikuwa inataka kununua mtambo wa kukatia vioo kutoka kwa Glassrobots ya Ufini. Mwanzoni mwa Februari 1999 Wamarekani waliandika barua ya kuagiza mtambo. Wafini walijibu kwa kutuma mkataba wao wa kawaida wa mauzo. Wamarekani wakaurudisha na marekebisho machache: hiki kibadilishwe, kile kiongezwe. Wafini wakakubali sehemu kubwa ya marekebisho hayo. Siku chache baadaye malipo ya awali yakatumwa kwa benki, mtambo ukatengenezwa, ukasafirishwa, ukafungwa. Saini za pande zote mbili juu ya hati moja hazikupatikana kamwe.

Mtambo ulipoleta matatizo, Standard Bent Glass ilikwenda mahakamani. Glassrobots ikasema hapana, mahali pake ni kwa wasuluhishi, kwa sababu ule mkataba wa kawaida ulirejelea masharti ya jumla ya biashara ya mitambo, na humo ndimo kilimokuwa kifungu cha usuluhishi. Mnunuzi akajibu kwamba hakusaini, na kwamba hata hayo masharti ya jumla hakuwahi kuyaona. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tatu ilimkatalia. Barua walizoandikiana zilitosha kuwa maandishi. Kutuma fedha na kuendelea na kazi kulitosha kuwa ukubali. Na mfanyabiashara anayesoma mkataba kwa makini kiasi cha kuomba kifungu hiki na kile virekebishwe hawezi kudai kwamba vifungu vilivyobaki havikumhusu. Naiona hukumu hiyo kuwa ya haki. Ahadi ni deni, na ahadi hutolewa kwa vitendo pia.

Si kila mahakama iliyokuwa na mtazamo huo. Miaka minne kabla yake, mwaka 1999, mahakama ya rufani ya New York, ya Mzunguko wa Pili, ilikuwa na kesi ya kampuni ya nguo, Kahn Lucas Lancaster, dhidi ya wakala wake wa Hong Kong, Lark International. Safari hii mnunuzi ndiye aliyetaka usuluhishi. Hati zake za kuagiza bidhaa zilikuwa na kifungu cha usuluhishi na saini yake, lakini Lark hakuzisaini, ingawa alizitekeleza. Majaji wakageukia alama moja ya mkato iliyomo katika ibara ya pili: je, sharti la saini linahusu makubaliano ya usuluhishi yanayosimama peke yake tu, au linahusu pia kifungu kilicho ndani ya mkataba wa biashara? Mahakama ya Mzunguko wa Tano ilikuwa imesema mwaka 1994, katika kesi ya bima ya Sphere Drake na kampuni ya kuvuta meli, kwamba kifungu ndani ya mkataba hakihitaji saini. New York ikasema kinahitaji, na Lark akaachiliwa kutoka kwenye usuluhishi. Huo ulikuwa mkataba mmoja wa kimataifa katika nchi moja, na majibu yalikuwa mawili. Kwa mtu aliyeko Mombasa anayeuza kahawa yake Marekani, hatima ya mgogoro ilitegemea bandari ambayo mnunuzi wake yuko karibu nayo.

Kaskazini mwa Norway mambo yalikwenda mbali zaidi. Agosti 1999 Mahakama ya Rufani ya Hålogaland ilikataa kutekeleza tuzo ya London kuhusu ukodishaji wa meli, kwa sababu makubaliano yalitokana na barua pepe, na majaji hawakuona kwamba barua pepe hizo zinafikia kiwango cha mkataba uliozungumzia barua na simu za maandishi. Mwaka 1999, wakati barua pepe zilikwisha kuwa njia ya kawaida ya kukodi meli! Miaka mitano baadaye Norway yenyewe ilitunga sheria mpya ya usuluhishi isiyoweka sharti la umbo lolote.

Uingereza ilikuwa imeliona tatizo mapema, na mfano mmoja uliotumika katika kulieleza unatufaa sisi watu wa redio. Meli imezimikiwa injini, upepo unaisukuma kwenye miamba. Boti ya uokozi iko karibu. Nahodha anaita kwa redio, mwenye boti anajibu: nitakuvuta kwa masharti ya fomu ya Lloyd's. Nahodha anasema nimekubali. Basi. Fomu hiyo ya Lloyd's imekuwapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, inajulikana na kila baharia, msingi wake ni kwamba asiyeokoa halipwi, na ndani yake kuna kifungu cha usuluhishi London. Je, manahodha wawili waliokubaliana kwa sauti katikati ya dhoruba wana makubaliano ya maandishi? Sheria ya Usuluhishi ya Uingereza ya 1996, katika kifungu cha tano, inasema ndiyo: watu wakikubaliana kwa mdomo, au kwa njia nyingine isiyo maandishi, huku wakirejelea masharti yaliyoandikwa, wamefanya makubaliano ya maandishi. Sheria hiyo pia inatamka wazi kwamba hati inaweza kuwa na nguvu iwe imetiwa saini au haikutiwa.

Mwaka 2006 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Sheria ya Biashara ya Kimataifa, inayojulikana kwa kifupi cha UNCITRAL, iliirekebisha sheria yake ya mfano ya mwaka 1985, ile ambayo nchi nyingi zimeitumia kama kielelezo. Iliziwekea nchi njia mbili. Njia ya kwanza inabakiza maandishi, lakini inasema maandishi yapo ikiwa maudhui ya makubaliano yamehifadhiwa kwa namna yoyote, hata kama mkataba wenyewe ulifungwa kwa mdomo au kwa vitendo. Njia ya pili inaliondoa sharti la maandishi kabisa. Pamoja na hayo tume ikatoa pendekezo kwa mahakama za dunia nzima: zile njia zilizotajwa mwaka 1958, saini, barua na simu za maandishi, zisomwe kama mifano, wala zisichukuliwe kuwa ndizo njia pekee.

Na kwetu Afrika Mashariki? Chukua Sheria ya Usuluhishi ya Kenya ya 1995, kama inavyosomeka leo. Kifungu cha nne kinataka maandishi, kisha kinataja nyaraka iliyosainiwa, au barua, teleksi, faksi, barua pepe na njia nyingine za mawasiliano zinazoacha kumbukumbu. Kisha kinaongeza jambo ambalo nataka ulisikilize vizuri: makubaliano yapo pia ikiwa upande mmoja, katika hati zake za madai, unasema kuna makubaliano ya usuluhishi, na upande wa pili katika utetezi wake haukani. Yaani unaweza kufungwa na utetezi wako mwenyewe kwa kuliacha neno hilo lipite.

Njia nyingine za mawasiliano zinazoacha kumbukumbu. Sioni sababu ya ujumbe wa WhatsApp kukosa kuingia humo. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza vigae kutoka China, anayetumiwa profoma invoisi kama picha, akajibu "sawa, nimetuma advansi", ameacha kumbukumbu inayosomeka siku, saa na dakika. Ikiwa chini ya profoma ile kuna mstari unaosema migogoro itapelekwa kwa wasuluhishi wa China, mstari huo una nafasi kubwa ya kumfunga. Mahakama Kuu ya Juu ya India ilikwisha kulitamka jambo la namna hii mwaka 2010, katika kesi ya Trimex ya Dubai na Vedanta: biashara ya shehena tano za boksiti kutoka Australia, iliyojadiliwa kwa barua pepe Oktoba 2007. Ofa ikatumwa siku moja, ikakubaliwa siku iliyofuata. Vedanta ilisema hakukuwa na mkataba rasmi uliosainiwa. Mahakama ikasema mkataba ulikwisha kufungwa; ile hati ya kusainiwa ingekuja tu kuurasimisha, na kutosainiwa kwake hakukuuvunja.

Wanaouza pamba ya Mwanza na Shinyanga nje wanalijua jambo hili kwa njia ya uchungu kidogo. Sehemu kubwa ya biashara ya pamba duniani huendeshwa kwa kanuni za chama cha pamba cha Liverpool, kama vile nafaka inavyoendeshwa kwa mikataba ya chama cha GAFTA cha London. Dalali huandika uthibitisho mfupi: tani kadhaa, bei kadhaa, masharti mengine kama mkataba namba fulani. Hayo maneno machache ya mwisho yanabeba usuluhishi wa Uingereza mzimamzima. Asiyelipa tuzo ya Liverpool huorodheshwa kwenye orodha inayosomwa na wanunuzi wote, na kumpata mnunuzi baada ya hapo ni kazi.

Mpaka hapa msimamo wangu uko wazi: aliyefanya biashara mwenyewe, akaziona karatasi, akalipa au akapokea mzigo, asijifiche nyuma ya kalamu ambayo hakuishika. Lakini hapa lazima nimtetee mfanyabiashara mdogo. Kumfunga mtu kwa vitendo vyake kunadai kwamba masharti yalimfikia kabla ya vitendo hivyo. Kampuni ya Ufini na kampuni ya Pennsylvania zilikuwa sawa kwa nguvu. Mwenye duka wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na kiwanda kikubwa hawako sawa. Usuluhishi wa kimataifa ni ghali, ada yake pekee inaweza kuzidi thamani ya kontena moja. Kifungu kikiwa kimefichwa kwenye kiungo cha tovuti ambacho hakikufunguliwa, au kikaja nyuma ya hati ya shehena baada ya meli kung'oa nanga, jaji anayekiita ridhaa anatumia neno zuri kufunika jambo baya.

Ugumu hasa, msikilizaji, hauko kwa hao waliojadiliana. Uko kwa mtu wa tatu, yule ambaye jina lake halimo kabisa katika mkataba.

Anza na kisa cha chuma. Mwaka 2007 kampuni ya ThyssenKrupp iliingia mikataba ya kujengewa vinu vya kuviringishia chuma baridi katika kiwanda cha Calvert, Alabama. Mkandarasi akamwajiri mkandarasi mdogo, ambaye baadaye akawa GE Energy ya Ufaransa, atengeneze mota. Mikataba mikuu ilikuwa na kifungu cha usuluhishi Düsseldorf, Ujerumani. Kiwanda kikauzwa kwa Outokumpu. Kufikia mwaka 2015 mota zilikuwa zimeharibika, na Outokumpu akamshtaki GE mahakamani. GE akaomba twendeni Düsseldorf. Outokumpu akajibu: wewe hukusaini mkataba ule. Angalia jinsi mambo yalivyogeuka: hapa asiyesaini ndiye anayetaka usuluhishi. Tarehe 1 Juni 2020 Mahakama Kuu ya Juu ya Marekani, majaji wote tisa kwa pamoja, walisema Mkataba wa New York haumzuii asiyesaini kutegemea kanuni za sheria ya nchi zinazomruhusu kushikilia kifungu cha usuluhishi. Jaji Sonia Sotomayor alikubali, lakini akaongeza maoni yake kwamba kanuni yoyote ya namna hiyo lazima iwe na mizizi katika ridhaa ya kusuluhishwa. Maoni yake ni mafupi, na kwangu ndiyo yenye thamani zaidi katika hukumu nzima. Anayechukua faida ya mkataba kumdai mwenzake hawezi kuukwepa mzigo wa mkataba huo huo, sawa. Lakini lazima tuonyeshwe mahali alipoukubali.

Sasa sikiliza kisa cha mahujaji, kwa sababu humo mahakama mbili kubwa za Ulaya ziligongana. Kampuni ya Saudi Arabia iitwayo Dallah ilizungumza na Serikali ya Pakistan juu ya kujenga nyumba za mahujaji wa Pakistan huko Makka. Julai 1995 serikali na Dallah waliandikiana hati ya maelewano. Mwanzoni mwa 1996 serikali iliunda, kwa amri ya rais, chombo kiitwacho Awami Hajj Trust. Septemba mwaka huo mkataba mkuu, wenye kifungu cha usuluhishi Paris, ulisainiwa na Dallah na chombo hicho. Serikali haikusaini. Novemba serikali ya Benazir Bhutto iliangushwa. Desemba ile amri iliyounda chombo ikaisha muda bila kuhuishwa, na chombo kikafa. Januari 1997 barua ikatoka, kwenye karatasi yenye nembo ya wizara, ikimlaumu Dallah kwa kukiuka mkataba.

Dallah alimdai nani, wakati aliyesaini mkataba ni marehemu? Aliidai serikali. Wasuluhishi watatu wa Paris, miongoni mwao Lord Mustill, mmoja wa majaji walioheshimika sana Uingereza, walisema Serikali ya Pakistan ndiyo iliyokuwa mhusika halisi tangu mwanzo hadi mwisho, na mwaka 2006 wakampa Dallah dola 20,588,040. Dallah akaipeleka tuzo London itekelezwe. Tarehe 3 Novemba 2010 Mahakama Kuu ya Juu ya Uingereza ikakataa: ukiipima kwa sheria ya Ufaransa, pande zote hazikuwa na nia ya kuifanya serikali kuwa mhusika, kuundwa kwa chombo tofauti kulikuwa na maana yake. Miezi mitatu na nusu baadaye, Februari 2011, Mahakama ya Rufani ya Paris, ikiitumia sheria ileile ya Ufaransa, ilisema wasuluhishi walikuwa sahihi na tuzo ibaki.

Wengi wa wasomi wa usuluhishi waliiona London kama mahakama ya kizamani. Mimi sikubaliani nao. Dallah hakuwa mnyonge wala mgeni wa biashara. Alikuwa na mawakili, aliona serikali ikijitoa mezani na kukiweka chombo kingine mahali pake, akasaini akijua. Kujadiliana si sawa na kujifunga, na serikali iliyojadiliana kisha ikasimama pembeni kwa makusudi imekwambia jambo fulani. Ile barua ya Januari 1997 ni ushahidi mzito dhidi yangu, nakiri. Wizara iliandika kana kwamba mkataba ni wake. Bado naona barua moja ya baada ya kifo cha chombo haitoshi kubadili yale yaliyopangwa kwa makini wakati kikiwa hai.

Mgongano huo haukuishia hapo. Mkahawa wa Lebanon, Kabab-Ji, ulitoa leseni ya jina lake mwaka 2001 kwa kampuni ya Kuwait, ambayo baadaye iliingizwa chini ya kundi la Kout Food. Wasuluhishi wa Paris wakalifunga kundi hilo ambalo halikusaini. London ikakataa Oktoba 2021, ikitumia sheria ya Uingereza na kutazama mkataba uliosema wazi kwamba hauwezi kubadilishwa ila kwa maandishi. Paris ikakubali, na Septemba 2022 Mahakama ya Kasesheni ikauhitimisha ubishi kwa upande wa Ufaransa. Wafaransa hutazama zaidi mwenendo: nani alishiriki kutekeleza mkataba. Waingereza katika kesi hiyo waliuliza kwanza sheria ya mkataba inasemaje juu ya nani ni mhusika. Kwa kampuni ya Nairobi yenye kampuni tanzu Kampala na Goma, tofauti hiyo ina uzito wa fedha taslimu: ukiingilia utekelezaji wa mkataba wa kampuni yako tanzu, ukajibu barua zake kwa karatasi yenye nembo yako, unaweza kujikuta ndani.

Sasa, mtu aletewe taarifa ya usuluhishi kutoka mji asioujua, kwa mkataba ambao hakuusaini, afanye nini? La kwanza, asiitupe. Pakistan ilikataa mamlaka ya wasuluhishi na ikashinda London, lakini ilipigania jambo hilo kwa zaidi ya miaka kumi, na huko Paris ikashindwa. Pingamizi la mamlaka linapaswa kutolewa mapema. Sheria ya mfano na sheria ya Kenya zote zinataka litolewe kabla ya kuwasilisha utetezi au pamoja nao. Ukijibu hoja za mzigo na bei, ukaja kukumbuka baadaye kwamba hukuwahi kukubali usuluhishi, mlango kwa kawaida umefungwa. Na kwa yule anayetaka kesi itoke mahakamani iende kwa wasuluhishi, kifungu cha sita cha sheria ya Kenya kinamtaka aombe kabla au wakati wa kufika rasmi mahakamani kujibu kesi. Kesi nyingi nzuri zimepotea kwa kuchelewa siku hizo chache.

Kuna jambo la mwisho ambalo wabunge wetu wanapaswa kulitazama. Ibara ya nne ya Mkataba wa New York inamtaka aliyeshinda tuzo alete mahakamani makubaliano halisi ya usuluhishi au nakala iliyothibitishwa. Kwa aliyesaini ni rahisi. Aliyekubaliana kwa WhatsApp, kwa TT na kwa kupokea mzigo anathibitisha nini, na nani amgongee mhuri picha ya skrini ya simu? Marekebisho ya 2006 ya sheria ya mfano yaliliondoa sharti la kuleta makubaliano. Mshindi analeta tuzo tu, na anayepinga ndiye anayebeba mzigo wa kuonyesha kwamba hakukubali. Kifungu cha 36 cha sheria ya Kenya bado kinadai makubaliano yenyewe au nakala yake, isipokuwa Mahakama Kuu ielekeze vingine. Maneno hayo ya mwisho yanawapa majaji nafasi, lakini mfanyabiashara aliyeshinda kihalali hapaswi kutegemea hisani ya jaji kwa jambo ambalo Bunge linaweza kuliondoa kwa sentensi moja.